Nani Aliniita Icharo

Buffalo, Kensington-Bailey
Machi 14, 2015

Shangazi Flavia,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma na kwamba huko Louisville mmeanza kuliona jua. Huku theluji imetukomesha. Jana Gaudiosi alichimbua gari kwa koleo saa nzima, na alipomaliza tu, gari la kusafisha barabara likapita likalifukia upya. Nilimcheka dirishani mpaka akaniona. Kule ghalani Cheektowaga wamempa shifti ya mchana, kwa hiyo sasa tunakula pamoja jioni kama watu. Mume wangu huyu anakusalimu, ingawa najua salamu yake hutaipokea.

Habari kubwa ni kwamba nina mimba. Tarehe niliyopewa ni ya mwanzoni mwa Oktoba. Katika ukoo wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na ukoo wenyewe ni wewe.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Nimekupigia simu Jumapili mbili, na zote mbili, nilipofika kwenye neno hili, ulisema ugali unaungua, ukakata. Barua haina pa kukata.

Pale hotelini karibu na uwanja wa ndege ninapofua mashuka, nafanya kazi na Claris, dada Mkenya anayesomea uuguzi. Tangu ajue hali yangu, wakati wa mapumziko ananisomea majina ya watoto kwenye simu yake, na maana zake. Tulishamaliza ya Kiairishi na ya Kiebrania. Alhamisi moja mwishoni mwa Februari akaangukia ya Wabaski. Nikauliza ni kina nani hao. Akasema ni watu wa milimani, kati ya Hispania na Ufaransa, wana lugha yao isiyofanana na ya jirani yeyote.

"Skia hii," akasema. "Haizea, upepo. Lorea, ua. Amaia, mwisho. Nani anamwita mtoto Mwisho, jamani?"

Nikamwambia kwetu Burundi wapo wanaoitwa makubwa kuliko hayo. Nikamtajia yule mzee wa kambini, Banyankirubusa, wananichukia bure, aliyepewa jina hilo ili majirani wasikie. Claris akacheka, akaendelea kubonyeza ile alama ya sauti ili simu itamke yenyewe. Na simu ikasema: Icharo.

Huandikwa Itxaro. Maana yake tumaini, na linatokana na neno lao la kusubiri.

Shangazi, hilo ni langu. Kambini Kibondo watoto wa bloku yetu waliniita Icharo mpaka nikafika darasa la pili, na wewe ulikuwa ukiwafukuza kwa mwiko. Siku zote nilidhani ni Kirundi kilichoharibika midomoni mwa watoto. Nani aliniita hivyo, na alilitoa wapi?

Nijibu kabla tumbo halijawa kubwa.

Mwanao, Angelika


Louisville, Iroquois
Aprili 20, 2015

Mwanangu Angelika,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako ilifika kabla ya Pasaka, ikakaa juu ya friji. Usidhani nimeipuuza. Goti limenisumbua, na katika jiko la shule tumepungukiwa watu wawili, mimi ndiye ninayebeba sufuria. Nimepanda lengalenga, mchicha wetu ule, nyuma ya nyumba. Mama jirani, yule wa Nepali, ananiangalia tu juu ya ua. Sijui anataka nini.

Nimefurahi sana kwa ajili ya mimba. Usinyanyue vikapu vya mashuka. Usimwambie kila mtu tarehe.

Kuhusu lile neno, watoto wa kambini waliitana upuuzi mwingi. Mmoja aliitwa Kopo, mwingine Kandambili. Sikumbuki kama hilo lilikuwa lako hata kidogo, nadhani lilikuwa la mtoto wa jirani.

Huyo Claris umemjua lini? Mtu asiye na mimba anayekaa kusoma majina ya watoto, anatafuta nini? Na je, Gaudiosi ndiye aliyekutuma uniulize? Wapo wanaume wanaopenda kuhakikisha kwamba mke hana watu nyuma yake, ili wamfanye wanavyotaka. Mimi sisemi ni yeye. Nasema wapo.

Kula mboga. Baki na Mungu.

Flavia


Buffalo
Mei 2, 2015

Shangazi,

Shikamoo. Tumbo limeanza kuonekana, na huku miti imechanua. Gaudiosi anatafuta nyumba Cheektowaga, karibu na kazi yake, kwa sababu hizi ngazi za ghorofani zitanishinda. Hajanituma. Nilipomsomea barua yako aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Unasema lilikuwa la mtoto wa jirani. Shangazi, mimi nakumbuka mwiko. Nakumbuka ulimpiga nao Bukuru mgongoni, akalia, mama yake akaja, ukamwambia, "Atakayemwita mtoto huyu hivyo tena, tutaonana." Mtoto huyu. Ulikuwa umenishika mkono.

Si udadisi tu. Najaza fomu za uraia. Kuna mahali wanauliza majina mengine yote uliyowahi kuitwa. Nimeacha nafasi wazi.

Angelika


Louisville
Juni 9, 2015

Angelika,

Salamu. Hapa joto limeanza, na goti liko vilevile. Padri ametangaza ubatizo wa Agosti, nikawaza juu yako.

Usiandike chochote kwenye hiyo nafasi. Nakuomba kama mtu aliyekulea. Hawa watu wakiona neno wasilolijua wanafungua faili lote upya. Watakuuliza wewe, kisha watakuja kuniuliza mimi. Andika Angelika, basi.

Na kwa kuwa hutulii, nitakuambia. Icharo lilikuwa jina la mwanamke mwendawazimu aliyezunguka sokoni kambini. Watoto walikuita hivyo kukudhihaki kwa sababu nywele zako zilikuwa hazichaniki. Ndiyo maana niliwafukuza. Sasa umejua, na haina faida.

Umemwambia nani mwingine habari hizi? Nitajie majina.

Flavia


Buffalo
Juni 21, 2015

Shangazi,

Shikamoo. Mimi na mtoto tuko salama.

Aprili hukukumbuka kama jina lilikuwa langu. Juni unakumbuka mpaka nywele zangu. Na kuhusu faili, mwanasheria wa kanisa anayenisaidia na fomu amelisoma mbele yangu. Tangu siku ya kwanza limeandikwa kwamba mimi ni mtoto wa marehemu kaka yako Saveri na marehemu mkewe Kanyana. Hakuna uongo ndani yake. Sasa unaogopa nini?

Nitakuambia ninachowaza, kwa sababu nimechoka kukiwaza peke yangu. Nawaza kwamba mimi si mtoto wa Saveri. Nawaza kwamba uliniokota mahali ili idadi ya watu wa nyumba yako iongezeke kwenye kadi ya mgao wa chakula. Ukinikasirikia, vizuri, angalau utaniandikia upesi.

Hapa kanisani nimekutana na mama mmoja aliyekuwa Kibondo. Nikamtajia lile neno. Akasema, "Muulize Veridiana, alikuwa akifagia wodi ya wazazi. Sasa yuko Columbus kwa mwanawe." Nimepata anwani. Gaudiosi amepewa siku mbili za mapumziko. Tunakwenda Jumamosi.

Angelika


Louisville
Juni 25, 2015

Angelika,

Usiende Columbus. Veridiana alipenda maneno tangu zamani. Kama umekwisha panga safari, ivunje. Nipe muda nitakuandikia mwenyewe.

Flavia


Buffalo
Julai 12, 2015

Shangazi,

Barua yako niliikuta sandukuni tuliporudi.

Veridiana sasa ni mzee, kisukari kimempofusha jicho moja. Anakaa kwenye fleti ya chini na mwanawe anayeendesha lori. Nilipofungua mdomo kujieleza, aliinua mkono.

"Kaa kwanza. Sogea huku kwenye mwanga," akasema. Akanishika kidevu, akanigeuza uso. "Wewe ni Icharo. Una mimba. Umefanana na Kanyana mpaka unanitisha."

Nikamuuliza nani aliniita hivyo.

"Sista Begonya. Muuguzi wetu, mzungu mfupi mwenye sauti ya kiume. Ukimwita Mhispania alikasirika, alisema yeye kwao ni milimani na wana lugha yao. Mama yako alikufa usiku uliozaliwa. Tukapeleka habari kwa ndugu wa baba yako. Hakuna aliyekuja kukuchukua. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Ukalala kwenye kikapu ofisini kwa Begonya. Watu walimwuliza, huyu mtoto ni wa nani? Yeye akajibu, 'Ana watu wake. Anasubiri.' Ndipo akakupa jina la kwao. Kila Jumapili alikuogesha, akakuvika gauni safi, akakukalisha kwenye benchi la nje, watakaokuja wakukute unapendeza."

"Kwa muda gani?" nikauliza.

"Miezi kumi na minne."

Shangazi, nilidhani sikusikia vizuri. Gaudiosi akamwomba arudie, akarudia.

"Flavia alikuja mara moja," akasema. "Ulikuwa na wiki tatu. Alisimama mlangoni, akakutazama mikono, akakutazama masikio, akaondoka. Bloku yake ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu."

Basi. Nilikwenda nikidhani nitaambiwa mimi si wenu. Nimeambiwa nilikuwa wenu na mkaniacha kwenye benchi. Sijui lipi lingekuwa afadhali.

Mwezi ujao tunahamia Cheektowaga. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Kama una jibu, na liwe jibu. Kama ni mwendawazimu mwingine wa sokoni, baki nalo.

Angelika


Louisville
Agosti 30, 2015

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara sita. Tano nimezichana. Leo ni Jumapili, sikwenda kanisani. Nimekaa mezani tangu asubuhi.

Veridiana hakusema uongo. Nilitamani niseme amesema.

Tulikimbia Oktoba ya mwaka tisini na tatu. Tulifika Kibondo mimi, kaka yangu Saveri, na Kanyana mkewe. Mama yetu alibaki Burundi, miguu haikumwezesha. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, Saveri akarudi kumfuata mama. Nilimkataza. Hakurudi tena, wala mama hatukumwona. Mpaka leo hakuna aliyeniambia walizikwa wapi.

Wewe ulizaliwa mwanzoni mwa Februari.

Nilihesabu. Nilihesabu kwa vidole, nikahesabu kwa maharage juu ya mkeka, toka Aprili mpaka Februari. Kila mara nilipata kumi. Na kulikuwa na kijana wa kugawa maji aliyemsaidia Kanyana kubeba ndoo. Sikuwahi kuona kitu chochote. Nilimwona akibeba ndoo. Lakini nilikuwa nimempoteza kaka, na nilitaka kuwe na mtu wa kumkasirikia, na Kanyana ndiye aliyekuwa karibu. Niliacha kuongea naye akiwa na mimba ya miezi mitano. Alipokuja kuniomba chumvi nilisema sina. Alipokufa, chumvi ilikuwepo ndani.

Nilikuja kukutazama kama alivyosema. Nilitafuta masikio ya Saveri. Mtoto wa wiki tatu hana masikio ya mtu yeyote. Nikaondoka.

Nikasema kama ni damu yetu itajulikana. Sikujua itajulikanaje. Nilikuwa napita njia ya mbali nikienda kuchota maji ili nisione lile benchi.

Kisha muda wa Begonya wa kufanya kazi kambini ukaisha. Siku tatu kabla ya kuondoka alikuja kwangu, kwa miguu, amekubeba mgongoni kwa kitenge kama mmoja wetu. Nilimwambia mlangoni, "Huyo si wa kaka yangu." Hakubishana nami. Aliketi chini nje ya nyumba, akakuweka, akatulia. Jua likapanda. Majirani wakaja kutazama. Nikaona aibu, nikaingia ndani nikajifanya nakula viazi vitamu.

Wewe ulikuwa umeanza kutembea wiki ile. Uliingia mwenyewe. Hukulia, hukuniogopa. Ulichukua kiazi kwenye sahani yangu, ukala nusu, nusu ukanipa mimi. Kisha ukalala mkekani, mguu wako juu ya mguu wangu.

Nilipotoka nje, Begonya alikuwa akilia. Nikamwambia, "Mwache alale. Kesho nitamrudisha." Kesho ikafika nikasema Jumatatu. Jumatatu Begonya alikwisha kuondoka.

Aliniachia kadi yenye jina hilo, na akanieleza maana yake kwa Kiswahili chake kibovu. "Itxaro. Yeye ngoja wewe." Kwa hiyo nilijua. Nilijua tangu siku ile, na nimekudanganya mara mbili kwa maandishi. Kadi niliichoma. Watoto waliocheza nje ya wodi walikwisha lizoea jina wakalileta kwenye bloku, na kila walipoliita, nililisikia kama shitaka. Ndiyo sababu ya mwiko.

Sasa utaniuliza kama wewe ni wa Saveri. Sijui. Alipoondoka sikuandika tarehe. Siku nyingine nakumbuka ilikuwa mwanzo wa Aprili, siku nyingine nakumbuka ni mwishoni, mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele. Ikiwa ni mwishoni, miezi ni tisa na hakuna dhambi ya mtu yeyote isipokuwa yangu. Sikuwahi kupata hakika, na ilifika siku nikagundua miaka imepita sijaitafuta.

Hii ndiyo barua niliyokuwa naikimbia. Kuhusu Gaudiosi, nilimshuku kwa sababu nashuku kila mtu anayekukaribia. Mwambie hivyo. Sijui kuomba radhi kwa mwanamume, mwombe wewe kwa niaba yangu.

Ukitaka nisikuandikie tena, usijibu. Nitaelewa.

Flavia


Cheektowaga
Novemba 1, 2015

Shangazi,

Shikamoo.

Nilikaa na barua yako miezi miwili. Nusu ya muda huo nilikuwa nimeamua kutoijibu. Gaudiosi ndiye aliyeitoa kwenye droo wiki iliyopita akaiweka kando ya kitanda. Huyo ndiye mtu uliyemshuku.

Mtoto alizaliwa Oktoba sita, saa nne asubuhi. Ni wa kiume. Ana nguvu, ana sauti, ananyonya kama aliyetumwa. Claris alikuwa nami chumbani toka mwanzo mpaka mwisho. Nilipigwa na hofu, maana nilimfikiria mama yangu, na Claris alinishika mkono mpaka kucha zangu zikamtoa damu.

Claris akaniambia jambo. Kuna kipimo siku hizi, mnatema mate kwenye kichupa, wewe na mimi, tunayapeleka kwa posta, na baada ya wiki kadhaa wanasema kama sisi ni damu moja. Akauliza kama nataka aniagizie. Nilifikiri siku nne. Nikamwambia hapana. Ungepata jibu la maharage yako, na mimi ningepata nini? Likija la ndiyo, ningejua mliniacha nikiwa wenu. Likija la hapana, ningejua mlikuwa na sababu. Yote mawili siyataki.

Hospitalini walileta karatasi ya jina. Gaudiosi alitaka la baba yake. Nikaomba simu ya Claris, nikarudi kwenye ile orodha ya Wabaski, safari hii kwenye majina ya kiume. Kuna Eneko, maana yake wangu mdogo. Nilikaribia kuliandika. Kisha chini kabisa nikaona Xabier. Nikabonyeza sauti. Inasema Shabier. Claris akasoma: ndilo Xavier la mtakatifu. Basi ndilo lile mapadri walilolileta kwetu Burundi, nasi tukalifanya Saveri. Toka mwanzo lilikuwa la Wabaski. Maana yake nyumba mpya.

Nimelijaza kwa herufi zao, Xabier. Nyumbani tunamwita Saveri. Kaka yako ni babu wa mtoto huyu kwa sababu mimi, mama yake, nimesema hivyo, na padri ameandika hivyo kwenye cheti cha ubatizo. Asiyependa aanze kuhesabu.

Kwenye fomu ya uraia nimejaza ile nafasi. Sikumpa mtoto jina la Icharo. Hilo nimelibakiza kwangu.

Sijakusamehe. Nilijaribu kuandika kwamba nimekusamehe, kalamu ikakataa, nisikudanganye. Kila nikifika kwenye ile chumvi naikunja barua. Lakini Desemba narudi kufua mashuka, Gaudiosi ana shifti yake, na sitaki mtoto wangu akae kwa watu nisiowajua. Hapa kuna chumba cha chini, hakina ngazi za kukusumbua goti. Ndege zinapita karibu, utazizoea.

Kata tiketi ya basi, Gaudiosi atakupokea. Hasira yangu ni kubwa na karatasi ni ndogo. Njoo nikukasirikie ukiwa umembeba.

Itxaro Angelika